Wakaazi Watatu wa Umm Salal

Jirani yangu hapa Kitale amenunua ng'ombe wa gredi, na kila asubuhi hukata lusini nyuma ya ua langu. Watu wengine wakisikia harufu ya majani mabichi ya mifugo huwaza maziwa na mtindi. Mimi ikinifikia puani, naanza kumshuku mtu. Juzi ilinikuta nimeshika simu ya mume wangu, nikausoma ujumbe wa fundi wa mabomba mara tatu nikimtafuta mwanamke ndani yake. Hakukuwa na mwanamke. Kulikuwa na bei ya koki.

Mume wangu hana kosa. Kosa ni la shamba moja la kondoo huko Umm Salal, kaskazini mwa Doha, ambako nilipokuwa na miaka minane niligundua kwamba baba yangu ana mke wa pili. Niligundua mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, na kwa ushahidi ambao nadhani hata hakimu angeukubali.

Wakati huo tulikaa Mansoura, mtaa wa Doha, katika nyumba kubwa ambayo mwenyewe aliikatakata kwa kuta za jipsam mpaka ikawa makao ya familia nane. Sisi tulikuwa na chumba kimoja na jiko ambalo zamani lilikuwa korido. Upande wa kushoto Wafilipino walikaanga vitunguu saumu tangu alfajiri, upande wa kulia mzee wa Kerala alikohoa, na sote tulijua siri za wenzetu ingawa tulijifanya hatusikii. Kukata nyumba namna ile kulikuwa kumekatazwa. Kwa hiyo mwenye nyumba alipokea kodi yake kila mwezi lakini hakumwandikia mtu yeyote mkataba, na bili ya umeme ilikuja kwa jina lake peke yake. Watu wa baladiya, yaani manispaa, walipopita mtaani, tulizima taa na kunyamaza hadi waondoke. Nilifundishwa kutofungua mlango kabla sijafundishwa kufunga kamba za viatu.

Na mimi nilikuwa nimekaa mwaka mzima bila shule. Shule yangu ya kwanza ilikuwa ndani ya nyumba ya kawaida tu, ikafungwa, na watoto wote tukaachwa nje tukitafuta nafasi mahali pasipo na nafasi. Jina langu liliandikwa kwenye orodha za kusubiri za shule nne. Mama, aliyekuwa muuguzi, alinifundisha mwenyewe akitoka zamu ya usiku. Mara nyingi alisinzia katikati ya hesabu za kugawanya, penseli ikiwa bado mkononi, nami nikamalizia jibu kwa kubahatisha.

Halafu ikafunguliwa shule mpya upande wa kaskazini, karo yake ya kuwezekana. Masharti yake nimeyasoma baadaye, ukubwani, kwa sababu mama hatupi karatasi. Kwanza wangechukuliwa wenye ndugu pale shuleni. Pili, wanaokaa ndani ya kilomita tano kutoka lango la shule, na mzazi athibitishe kwa mkataba wa nyumba na bili ya umeme yenye jina lake. Wengine wote wangoje. Sisi tulikuwa mbali, na hata tungekuwa karibu, kwenye karatasi hatukukaa popote. Baba aliketi kitandani na barua ya masharti hayo akamwambia mama kwamba tukikosa nafasi hii, itabidi mimi na mama turudi Kitale, yeye abaki peke yake, kwa maana mtoto hawezi kukua bila kusoma.

Hayo ndiyo aliyoyasema. Mimi nilikuwa jikoni, na pale jikoni, kwa sababu ya feni ya Wafilipino, niliambulia nusu tu. Nilisikia, "Wewe na mtoto mtarudi Kitale." Nikamsikia mama akilia polepole. Nikakaa chini kando ya mtungi wa gesi nikijiuliza tumemkosea nini baba.

Jibu nilipewa na Mama Brian. Kule Doha Wakristo tuliabudu Ijumaa, siku ya mapumziko, na baada ya ibada Mama Brian aliwauzia waumini chapati na maharagwe, na juu ya chapati alitoa habari bure. Siku hiyo alikuwa akizikunja kwenye karatasi huku akimwambia mama mmoja wa Eldoret, "Wanaume wa huku, wachana nao! Mtu ako na bibi Mansoura, na mwingine amemficha huko mbali kwa mashamba. Na Ijumaa unamwona hapa na Biblia, ati shemeji, shemeji. Hiyo shemeji inaficha mengi, nakwambia." Yule wa Eldoret akasema labda ni maneno ya watu tu. Mama Brian akamjibu, "Lisemwalo lipo." Mimi nilikuwa nimesimama pale na chapati yangu, na hamu ya kula ikaniisha.

Maana baba alikuwa ameanza tabia mpya. Kila Ijumaa baada ya ibada alituteremsha nyumbani, akaondoka tena na gari, akarudi jioni. Nikimuuliza alikuwa wapi, alisema kazini. Baba alikuwa msimamizi wa walinzi katika jengo moja la The Pearl, na mimi The Pearl nilikuwa nimefika. Kule kuna mashua za matajiri na maduka yanayonukia marashi. Hakuna kondoo. Baba alirudi akinuka kondoo na majani mabichi, na siku moja nilipokuwa nikikung'uta suruali yake kabla ya kufuliwa, vijani viwili vikavu vilidondoka kutoka kwenye mkunjo wa mguu. Nilivifunga kwenye kitambaa nikavificha chini ya godoro langu. Sijui nilitaka kumwonyesha nani.

Kisha picha ya harusi ya baba na mama, iliyoning'inia juu ya kitanda chao tangu nipate akili, ikatoweka ukutani. Nilimuuliza mama. Akasema imepelekwa kubadilishwa fremu, na aliposema hivyo hakuniangalia, alikuwa akitafuta kitu kwenye mkoba ambacho hakukipata. Nilimhurumia sana. Niliamini kwamba amedanganywa naye ananipokeza ule uongo bila kujua.

Ushahidi mkubwa niliupata nikitafuta kalamu za rangi. Ndani ya bahasha ya plastiki, chini ya nguo za baba, kulikuwa na mkataba wa nyumba, upande mmoja Kiarabu na upande mwingine Kiingereza. Jina lilikuwa la baba, majina yote matatu, hadi la babu. Nyumba yenyewe ilikuwa ya nyuma ya villa, Umm Salal, karibu na mashamba. Na mahali pa idadi ya wakaazi paliandikwa tatu. Nilihesabu kwa vidole. Sisi tulikaa Mansoura, kwa hiyo hao watatu hawakuwa sisi. Basi ni baba, mwanamke wake, na mtoto wao. Huyo mtoto ndiye aliyeniumiza zaidi. Mwanamke ningeweza kumwelewa, hata kwenye ibada tulisoma habari za wafalme wenye wake wengi. Lakini mtoto mwingine wa nini, na mimi nipo?

Wiki mbili baadaye, mama akiwa zamu, baba alinichukua. "Twende tukamsalimie Anti Zawadi," akasema, kana kwamba ni mtu ninayemjua. Tulikwenda kaskazini mpaka majengo yakapungua, tukakata kulia kwenye barabara ya vumbi, na ile harufu ya lusini ikaingia dirishani kabla hata sijawaona kondoo. Nilikaza meno. Anti Zawadi alikuwa mwanamke wa Mombasa, mnene wa kupendeza, amevaa dera la maua, na alimpokea baba kwa neno lile lile. "Karibu shemeji! Ndiye huyu Nanjala? Njoo mwanangu, usione haya, hapa ni kwenu."

Nilipita mlangoni nikaona picha ya harusi ya baba na mama juu ya kochi lake. Nyuma ya mlango lilitundikwa shati la baba la mistari, ambalo nilidhani limepotea kwa dobi. Kwenye glasi bafuni kulikuwa na miswaki mitatu. Na chumbani, pembeni, kitanda kidogo chenye shuka la waridi na begi jipya la shule juu yake. Anti Zawadi akakipapasa. "Hiki chako. Mtu akikuuliza walala wapi, mwambie hapa. Umenisikia, mama?" Nikauliza, na mama yangu je? Baba na Anti Zawadi walitazamana, mtazamo mfupi tu, lakini mimi niliukamata. Baba akasema, "Mama atakuja siku ile ya mgeni. Wewe usiseme mengi. Sema tunakaa hapa, basi." Sikuuliza mgeni gani. Machale yalikuwa yamenicheza na nilijua sasa mpango wote: yule mkaazi wa tatu ni mimi. Nitachukuliwa nikae na huyu, na anayerudi Kitale ni mama peke yake.

Nililala siku nyingi nikiwaza kumwambia mama, na kila nikimtazama nakosa nguvu. Alikuwa amekonda. Alisali kwa muda mrefu kuliko kawaida na alimjibu baba kwa mkato. Leo najua kwamba walikuwa wamegombana kwa sababu yangu. Mama alimwambia baba, "Mimi simfundishi mtoto wangu uongo, Baba Nanjala. Kama ni lazima, mfundishe wewe, na nisiwepo." Basi hakuwepo, na yeye hakuniambia lolote, na mimi nikaona kimya chake ni cha mtu asiyejua.

Mgeni alikuwa Bi Samia wa ofisi ya shule, mama wa makamo kutoka Sudan, mwenye miwani ya kuning'inia na daftari. Shule ilikuwa imeshtuka. Anwani moja huko Umm Salal ilikuwa imetumiwa kuandikisha watoto tisa wasiofanana hata pua. Kwa hiyo Bi Samia alikuwa akizunguka nyumba kwa nyumba. Kwenye lango la shule alirudisha namba za kilomita za gari lake kwenye sifuri, akafika kwetu, yaani kwa Anti Zawadi, akaandika alichokisoma, kisha akaingia na kuanza kuangalia. Aliangalia viatu vyangu mlangoni kama soli zina vumbi la pale. Alifungua friji. Alibonyeza godoro la kitanda cha waridi kwa mkono, nadhani kuona kama limelaliwa. Alizungumza Kiingereza cha taratibu na hakumwamini mtu, nami nikampenda, maana alikuwa mtu wa kwanza mwenye akili kama zangu.

Anti Zawadi alileta chai. Baba akasema huyu ni rafiki wa familia, amekuja kusaidia, mama wa mtoto yuko njiani kutoka kazini. Bi Samia akatikisa kichwa na kuandika. Mama alichelewa kwa sababu dereva wa teksi alipotea kwenye zile barabara zisizo na majina, na alipofika alikuwa bado na sare ya hospitali na jasho usoni. Alisalimia. Akaomba radhi, akasema ananawa mikono kwanza, kwa kuwa ametoka kwa wagonjwa. Akavuka sebule kwa haraka kama mtu wa nyumbani, akafungua mlango.

Ulikuwa mlango wa kabati. Ndani kulikuwa na ufagio na gunia la mchele.

Mama hakuwahi kukanyaga nyumba ile. Alisimama mbele ya ule mchele. Kalamu ya Bi Samia nayo ilisimama. "Madam," akasema, "hujui bafu la nyumba yako?"

Niliona masikio ya baba yakitota jasho. Niliona mama ameinamisha kichwa mbele ya watu, yeye ambaye kazini aliitwa sista na wagonjwa walimshika mkono wakimshukuru, na hasira ya miezi yote ikanipanda. Nilisimama juu ya kochi na viatu vyangu nikapiga kelele kwa Kiingereza, "Hajui kwa sababu hii si nyumba yake! Hii ni nyumba ya mke mwingine wa baba! Huyu hapa!" Nikamwonyesha Anti Zawadi kwa kidole. "Na mama yangu mnamfukuza arudi Kenya!"

Anti Zawadi aliitua trei ya chai mezani. Nilimtazama Bi Samia nikingoja awakasirikie. Badala yake uso wake ulilegea. Alivua miwani, akawatazama wanawake wawili, mmoja na sare na mwingine na dera, akasema pole pole, "Aaah. Wake wawili. Sasa naelewa." Kwake lilikuwa jambo la kila siku. Aliyekuwa akimtafuta ni mtu anayedanganya kuhusu anakokaa, na mume mwenye nyumba mbili hakuwa hivyo. Akamgeukia mama. "Ni kweli, dada yangu?"

Ningependa kuandika kwamba mama alifikiri sana. Hakufikiri. Alinitazama mimi juu ya kochi, akatazama lile begi la shule kupitia mlango wa chumbani, akafunga kabati la mchele.

"Ni kweli," akasema. "Huyu ni mke mwenzangu. Kwetu Wabukusu ni mila. Mtoto atakaa hapa siku za shule, mimi nitakuwa naye Ijumaa na Jumamosi."

Bi Samia aliandika. Kisha akaiona ile picha ya harusi, ya mume na mke mkubwa, imetundikwa sebuleni kwa mke mdogo. Akamwambia Anti Zawadi, "Wewe una moyo mkubwa sana." Anti Zawadi akaanza kukusanya vikombe. "Alhamdulillahi," akajibu. Wakati wa kuondoka Bi Samia alimshika mama bega, akamwambia awe na subira, na wiki hiyo hiyo barua ya kunipokea ikaja.

Ndani ya gari baba alianza kucheka, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. Mama akamwambia, "Usicheke." Halafu akageuka akanieleza yote: jipsam, mkataba, kilomita tano, zile Ijumaa baba alizokwenda kuiandaa nyumba ile ionekane yetu, na Salim, mume wa Anti Zawadi, aliyefanya kazi kwenye mitambo ya gesi huko kaskazini na kukaa huko wiki mbili mbili, aliyekubali mkataba wake mpya uandikwe jina la baba ili nipate shule. Watatu ni sisi, akasema. Nilisikiliza yote. Sikuamini. Maelezo yalikuwa yamenyooka mno, na nilishajua kwamba wakubwa wakitaka kudanganya hunyoosha. Niliamini siku nilipomwona Salim mwenyewe, jitu la miraba minne, amekuja Mansoura kumuuliza baba mlangoni, "Nasikia mke wangu umemuoa. Mahari umempa nani?" Hakuwa akitania sana. Alinuna miezi mingi, lakini mkataba hakuubadilisha. Mimi nilijificha jikoni nikaona aibu ambayo hata leo nikiitaja uso unawaka.

Nikasoma. Kila alfajiri baba alinipeleka kutoka Mansoura hadi Umm Salal ili basi la shule linikute kwenye lango la Anti Zawadi, kisha akarudi mjini kazini. Nilikaa miaka yote katika shule ile, na nilikuwa mkubwa wa kutosha kushika namba za juu darasani ndipo nikaona jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu siku zote. Kwenye ibada, siku za meza ya Bwana, sinia ya mkate ikifika kwa mama, aliipokea, akampa wa pembeni, na yeye hakuchukua. Nilirudi nyuma kichwani nikitafuta mara ya mwisho nilipomwona akila. Sikuipata, isipokuwa kabla ya siku ya kabati.

Nilimuuliza tukiwa tunasubiri baba alete gari. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na nilidhani najua dini. Nikamwambia si uongo mmoja tu, mama, wa zamani, tubu yaishe. Akanijibu bila hasira, "Nani amekwambia ni wa zamani? Kila asubuhi ukipanda lile basi nausema tena. Nikitubu kweli, inabidi niende kwa yule mama wa ofisi ya shule nimwambie. Nikimwambia, unatoka shuleni. Na mimi sitaki utoke. Sasa nitamwambia Mungu nini, kwamba nasikitika? Sisikitiki, Nanjala. Siwezi kumdanganya na Yeye."

Nilimpenda na nikaogopa deni hilo, vyote pamoja, na tangu siku hiyo nilisoma kwa namna nyingine.

Ijumaa iliyofuata baada ya kuchukua cheti cha kumaliza, nilikaa kando yake. Sinia ilipofika aliishika, hakuipitisha. Akaniinamia sikioni. "Umemaliza kweli? Hawawezi kukurudisha?" Nikamwambia nimemaliza. "Karatasi wamekupa?" Nikasema iko hapa kwenye mkoba. "Hebu." Nikaitoa, katikati ya ibada, machozi yakinilengalenga, na mama akavaa miwani akaisoma yote, jina, masomo, sahihi, hadi mhuri, akaigeuza kuona kama nyuma kumeandikwa kitu, huku mzee wa kanisa amesimama anamngoja. Kisha akanirudishia cheti, akavua miwani, akachukua mkate.